Mnaoishi ughaibuni: bustani ya umma ya mtaani kwenu imekusaidia nini? Tupeane uzoefu

Mngoni wa Wedding

Wakuu salaam. Nipo Berlin mwaka wa sita sasa, mtaa wa Wedding. Naomba tuzungumzie bustani ya umma iliyo jirani na unapoishi. Siyo zile za watalii za kupigia picha, nasema ile unayoifikia kwa kandambili.

Nianze mimi. Baridi ya kwanza nilikaribia kuugua. Saa kumi jioni giza limeshaingia, ukitoka kazini ni chumbani na mlango unafunga. Jirani tuliyepakana ukuta tulikuwa tunapishana kwenye ngazi bila hata salamu. Kwetu Songea ukipotea siku mbili watu wanakuja kugonga. Huku unaweza kumaliza mwezi.

Kilichonitoa ndani ni Volkspark Rehberge, dakika saba kwa miguu. Ni bustani kubwa, ilijengwa kati ya 1926 na 1929, na ndani kuna boma la nguruwe pori. Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa nasimama pale kwenye uzio. Kuna babu mmoja Mjerumani alikuwa anakuja na mjukuu wake. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili akanitikisia kichwa. Ya tatu yule mtoto akanivuta koti ili nione vitoto vya nguruwe, vina mistari mgongoni utadhani vimechorwa kwa brashi. Akaniuliza kama kwetu wapo. Nikamwambia kwa Kijerumani cha kuungaunga kwamba kwetu kuna ngiri, na anakimbia mkia umesimama wima. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye theluji. Yalikuwa mazungumzo yangu ya kwanza Ujerumani yasiyohusu kazi wala karatasi za ukaazi.

Jambo jingine linalonigusa. Mitaa inayopakana na bustani hii ina majina ya kwetu: Sansibarstraße, Usambarastraße, Tangastraße. Yalianza kuwekwa zama za ukoloni, na kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia mfanyabiashara wa wanyama, Carl Hagenbeck, alipanga kuonyesha hapo Rehberge wanyama na watu kutoka makoloni. Vita ikavunja mpango. Barabara moja ilipewa jina la Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Agosti 2024 jina hilo likaondolewa, na sehemu ya barabara ile sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Mimi ni mtu wa Songea. Mji wetu unabeba jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Siku ya kwanza kuona kibao kile nilisimama chini yake muda mrefu, kisha nikaenda kukaa bustanini na kumpigia mama simu.

Karibuni.

Bi Mkubwa wa Kisauni

Ahsante mwanangu kwa kuanzisha. Mimi niko kusini mwa London, karibu na Burgess Park. Ukiingia utaona daraja la chuma limesimama juu ya nyasi, hakuna mto wala mfereji. Mfereji ulikuwepo, ukafukiwa miaka ya 1970. Wajukuu zangu huniuliza kila mara, "Bibi, maji yako wapi?" Idi tukishaswali tunakutana hapo, kila mmoja na sinia lake: mahamri, mbaazi, kaimati, chupa za chai ya tangawizi. Nyumba za huku ni ndogo, huwezi kukaribisha watu thelathini. Bustanini mkeka ukishatandikwa anayepita naye anapewa. Mwaka juzi mama mmoja wa Kijamaika alionja mahamri, na tangu hapo tukikutana sokoni huniita dada.

Askari wa Zamu

Mimi ni Mkenya, mlinzi hapa Dubai. Chumba tunalala wanane, vitanda vya juu na chini, na kila saa kuna mtu ametoka shifti anataka usingizi. Kuongea na mke wangu ilikuwa ni kunong'ona ndani ya blanketi. Siku ya off naenda Zabeel Park, kiingilio ni dirham 5 tu. Joto likizidi naenda usiku. Nakaa nyasini upande ule Dubai Frame inaonekana, naongea kwa sauti yangu ya kawaida, nacheka nikitaka. Hiyo peke yake inanitosha wiki nzima.

Mgeni Leipzig

Shikamooni wakubwa. Nina wiki tatu hapa, ni mwanafunzi. Naogopa kwenda kukaa peke yangu, nahisi watu watanishangaa. Halafu mbwa ni wengi.

Mngoni wa Wedding

Marahaba mdogo wangu. Nenda Clara-Zetkin-Park. Kukaa peke yako kwenye benchi huku ni kawaida kabisa, hakuna atakayekuuliza unamsubiri nani. Mbwa akikusogelea usikimbie, simama tu, mwenyewe atamwita. Beba kitabu na chupa ya maji. Ukimaliza usiitupe ndani ya pipa, iweke chini pembeni. Chupa nyingi za plastiki zina amana ya senti 25 za euro, unayorudishiwa ukiipeleka chupa dukani, na kuna wazee wanapita kuziokota. Nenda siku ileile na saa ileile kila wiki, ndivyo sura yako inavyozoeleka.

Mgeni Leipzig

Kaka, nimerudi sasa hivi. Nimekaa saa nzima na nusu. Nilipoweka chupa pembeni ya pipa, bibi mmoja mwenye kikapu cha magurudumu akaichukua, akanigeukia akasema "Danke, mein Junge", yaani ahsante, kijana wangu. Jumapili saa tisa nitakuwa kwenye benchi lilelile.