MREJESHO: Timu ya chuo nimepata, ni Iowa

Wakuu, salaam. Niliwauliza mtu ambaye hajasoma Marekani achague vipi timu ya vyuo ya futiboli ya Kimarekani. Wengi mlinielekeza kwa vigogo, Alabama au Ohio State. Mmoja akasema: shabikia ya jimbo unaloishi. Nimemsikiliza huyo.

Jimbo la Iowa halina timu ya NFL (ligi ya kulipwa), kwa hiyo Jumamosi, siku ya mechi za vyuo, watu hapa ni nyeusi na njano tu, rangi za Chuo Kikuu cha Iowa (ukiacha kule mji wa Ames, kwa watani wetu wa chuo cha Iowa State). Kilichonimaliza ni robo ya kwanza ilipoisha pale Kinnick, uwanja wa nyumbani wa Iowa. Uwanja mzima, karibu watu 70,000, wachezaji wa pande zote mbili wakiwemo, uligeuka kuipungia mkono hospitali ya watoto iliyo jirani. Kule ghorofa ya juu watoto wagonjwa wamesogea madirishani, nao wanapunga. Utaratibu huu ulianza 2017. Machozi yalinitoka.

Uchezaji wao ni wa kukaba zaidi ya kushambulia, na mimi ndio napenda hivyo. Kuhusu hofu ya kuonekana mgeni uwanjani, msiwe na shaka: Iowa City, mji wenye chuo hiki, ina Wakongo wengi, na jukwaani nilisikia Kiswahili nyuma yangu. Jezi nimeshanunua. Asanteni sana.