MADEREVA WA SAFARI, ACHENI KUNG'OA MAWE YA MAGOFU KUKWAMUA MAGARI!

Wadau wa Malindi na Watamu, hili limepita kiasi. Magari ya fowili (yanayosukumwa na magurudumu yote manne) yanaingia njia za mchanga za Mambrui, kaskazini ya Malindi, hadi ufuoni, tairi zimejaa upepo wa kwenye lami. Yakikwama, dereva anakwenda kung'oa matumbawe kwenye kuta za kale ayatie chini ya gurudumu! Tumbawe lina vitundu tele. Likikaliwa na tani mbili na tairi linazunguka juu yake, linasagika, na gari bado liko pale pale.

Mambrui si mchanga mtupu. Mwaka 2010 wachimbuzi Wakenya na Wachina walipata hapo sarafu ya enzi ya Yongle, mfalme wa China, ya kati ya 1403 na 1424. Sarafu kama hiyo husomwa pamoja na tabaka ilimolala, vigae na mkaa wa pembeni yake. Tairi likizunguka hadi difu (gia ya ekseli, chini ya gari) iguse chini, matabaka yote yashavurugika. Hakuna awezaye kuyapanga tena.

Na yote haya kwa uvivu wa dakika kumi! Kabla ya kuacha lami toa upepo wa tairi, kutoka PSI 35 hadi 18, au 20 gari likiwa limebeba watu wengi. Chini ya 15 usiende, kona moja kali tairi linachomoka kwenye ringi. Ingiza fowili kabla ya mchanga, si baada ya kuzama. Usipige breki, zinajenga tuta mbele ya tairi. Achia mafuta lisimame lenyewe.

Ukihisi linazama, toa mguu hapo hapo. Wengi ndipo wanapozidi kukanyaga. Shuka na beleshi, fukua nyuma ya tairi zote nne na chini ya difu, shusha upepo hadi 15, kisha rudi nyuma kwa alama zako mwenyewe, zishashindiliwa. Mbao mbili, hata mazulia ya gari, zinatosha. Ukifika lami, jaza upepo kwanza, la sivyo tairi linachemka na kupasuka.

Gede, magofu ya mji wa kale karibu na Watamu, ina walinzi, na 2024 imeingia Urithi wa Dunia. Magofu madogo ya huku nani anayalinda? Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inayalinda yote, lakini karatasi haisimamishi gari.

Wenye kampuni mnaowatoza wageni kwa dola, mnasoma hapa. Geji na beleshi mtawapa lini madereva wenu? Tunataka jibu hapa hapa.