Mdogo wangu kapata Liberty University, ni chuo kweli au shule ya biblia yenye jina kubwa?

Kaka_Mkubwa_VA

Habarini wakuu, poleni na majukumu. Mdogo wangu wa kike anamaliza high school mwaka huu hapa hapa Virginia, kaomba vyuo kadhaa na waliojibu wa kwanza ni Liberty University ya kule Lynchburg, anataka nursing. Nyumbani ni shangwe tupu, mama keshatangaza kanisani na mchungaji kamwombea mbele ya watu, yaani hata binti akitaka kughairi itabidi ahame kanisa kwanza 😂

Sasa mahesabu na maswali magumu nimeachiwa mimi. Kila ninayemuuliza ananipa lake, mmoja anasema ni chuo kikubwa sana, mwingine anasema pale ni siasa za Republican tu, mwingine eti wanafunzi wote wako online hakuna chuo cha kuona kwa macho. Anayekijua anisaidie: digrii yao inatambulika? Hela inakuwaje (sisi tuna green card)? Na hizo sheria zao zikoje kwa binti wa miaka 18 ambaye mkristo ndio, lakini sio mlokole wa kukesha?

mzee_wa_krediti

Hongera kwa binti mkuu. Masters yangu nimeisomea pale, online, kwa hiyo hapo nina la kusema. Liberty ni kama vyuo viwili vimevaa jina moja. Kuna cha mlimani Lynchburg chenye wanafunzi zaidi ya elfu 15 wanaolala hosteli na kushangilia mpira, na kuna cha mtandaoni chenye zaidi ya laki moja. Ndo maana unasikia habari zinagongana, kila mtu anakuelezea kile alichokutana nacho.

Ithibati wanayo toka 1980, ya SACSCOC, bodi ile ile inayothibitisha University of Virginia (UVA) na Virginia Tech, kwa hiyo hilo la "shule ya biblia" lifute. Kilianza hivyo kweli, 1971 mchungaji Jerry Falwell wa Thomas Road Baptist Church alikianzisha na Elmer Towns kikiitwa Lynchburg Baptist College, jina la sasa limekuja 1985 na mwaka huo huo wakaanza kufundisha watu wa mbali kwa kanda za video, intaneti ilipofika wenzao wakawa ndo kwanza wanashangaa, wao tayari walikuwa na uzoefu. Leo wana shule ya sheria toka 2004, chuo cha udaktari toka 2014, hadi urubani. Kwa nursing usiumize kichwa, mwisho wa yote atakalia mtihani wa leseni ya unesi, NCLEX, sawa na wenzake wa vyuo vingine na hospitali inaangalia leseni. Ila ulizeni jambo moja kwa maandishi, je kakubaliwa nursing yenyewe au kuna mchujo mwingine mbele? Vyuo vingi hapa Marekani wanakuchukua kwanza afu baadae ndo unagombania nafasi ya mafunzo ya hospitali.

Online ni kozi za wiki nane nane, posti ya kwanza ya majadiliano Alhamisi usiku, kujibu wenzako wikendi, afu insha juu ya insha, na hata ukiwa unasoma biashara utaambiwa uhusishe na mtazamo wa kibiblia. Kwa mtu mwenye kazi na watoto inafaa sana. Kwa binti wa miaka 18, hapana, aende mlimani.

Mama Imani

Kaka yangu, mwanangu yuko pale mwaka wa tatu, mlimani. Kwanza mtulize mama yenu, mtoto hatakiwi kuwa mlokole ndo akubaliwe, hata asiye mkristo wanampokea, walimu ndio wanaotakiwa kuwa wakristo. Ila sheria zinamhusu kila mtu na kitabu chao kinaitwa The Liberty Way, kisomeni chote kabla ya kulipa chochote. Pombe hakuna, sigara hakuna, hata akiwa nje ya geti. Ngono nje ya ndoa ya mume na mke hakuna. Hosteli za wavulana mbali, za wasichana mbali, na usiku kuna saa ya kuwa ndani. Mara mbili kwa wiki, Jumatano na Ijumaa, wote wanakusanyika Convocation, kuimba na kusikiliza mgeni, na mahudhurio yanaandikwa. Kila semesta kuna masaa 20 ya kujitolea kwenye jamii, wangu anayafanya kwenye benki ya chakula na nadhani ndo kitu kilichomkuza kuliko yote. Masomo ya biblia na theolojia kila mtu anayasoma, na kwenye uumbaji msimamo wa chuo ni siku sita za kihistoria, kwa hiyo kama binti ana ubishi wa bailojia ajue mapema.

Raha pia zipo jamani, wana mteremko wa kuski wa plastiki mlimani, Snowflex, unateleza mwezi wa saba bila theluji hata punje. Na wana wikendi za wageni, mtoto wa high school analala hosteli na kuingia madarasani. Mpelekeni, aone mwenyewe.

Kaka_Mkubwa_VA

Asante sana mama, hilo la wikendi sikulijua kabisa. Na siasa je? Na hivi akikosea kidogo anafukuzwa au?

haki_bin_swali

Naona watu wanazunguka, ngoja niseme mimi. Machi 2024 Wizara ya Elimu ya Marekani ilikitoza chuo hicho faini ya dola milioni 14 kwa kuvunja sheria ya Clery, ile inayolazimisha vyuo kutoa takwimu za uhalifu na kuonya wanafunzi. Faini kubwa kuliko zote zilizowahi kutolewa chini ya sheria hiyo. Na kwenye ripoti kulikuwa na jambo linalokuhusu wewe mwenye mdogo wa kike: waliofanyiwa ukatili wa kijinsia walikuwa wanaogopa kuripoti kwa sababu wangeadhibiwa kwa kuvunja The Liberty Way, mfano alikuwa amekunywa pombe, na wapo walioadhibiwa kweli huku waliowatendea wakiachwa. Chuo kikakubali kulipa, na kutumia milioni mbili zaidi kuboresha usalama.

Sisemi asiende. Nasema swali lako la kwanza pale lisiwe la mteremko wa plastiki. Uliza hivi: binti akidhurika usiku mahali ambapo kwa sheria zenu hakutakiwa kuwepo, akija kuripoti mnamlinda au mnamwandikia barua? Waonyeshe ukurasa, sio maneno ya mtu wa mapokezi anayetabasamu.

Siasa ipo, na sio siri. Falwell mzee ndiye aliyeanzisha Moral Majority 1979, kundi la kisiasa la wakristo wahafidhina. Seneta Ted Cruz wa Republican alitangazia pale kugombea urais Machi 2015, Trump akahutubia mahafali ya 2017. Lakini tuseme haki, Bernie Sanders, seneta wa mrengo wa kushoto, naye alialikwa 2015 akaongea mbele ya umati ule ule, na Jimmy Carter, rais wa zamani wa Democratic, ndiye aliyehutubia mahafali ya 2018. Falwell mtoto, aliyekuwa rais wa chuo, alijiuzulu Agosti 2020 baada ya kashfa zake binafsi, sasa rais wa chuo ni Dondi Costin toka 2023.

mzee_wa_krediti

Haki kasema ukweli japo kauma 😅 Naongezea hela maana naona limesahaulika. Green card mnaruhusiwa kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, kama raia, jazeni mapema. Na kwa kuwa mnaishi Virginia kuna VTAG, msaada wa jimbo kwa wanaosoma vyuo binafsi, ni kama dola elfu tano kwa mwaka na sio mkopo, kinachotakiwa muwe mmekaa jimboni miezi 12. Kozi za dini zenyewe hazimo, nursing imo. Bei iliyo kwenye tovuti isiwatishe wala isiwafurahishe, subirini barua ya msaada wa kifedha kutoka kila chuo, mziweke mezani pamoja na mtoe mikopo yote, kinachobaki kulipa ndo bei yenyewe.

Kaka_Mkubwa_VA

Nimewaelewa wote. Jumamosi nakaa nae tusome hicho kitabu cha sheria, mimi na yeye tu, mama nitamuomba abaki kwaya. Kuna chuo cha serikali hakijajibu bado, naona tusilipe deposit popote kwanza.

Mama Imani

Fanyeni hivyo. Na VTAG mwisho wa fomu ni 31 Julai, wengi wanaisahau wakihangaika na mashuka ya hosteli.