Hilux 22R ya 1986: inakwaruza mbele ikiwashwa ya baridi. Cheni, tapeti au beringi?

Pikapu86

Wakuu, naombeni msaada. Pikapu ni Hilux ya 1986, injini 22R ya kabureta. Ikilala usiku kucha, asubuhi ukiwasha inatoa mlio wa kra-kra-kra mbele kule kwenye feni kwa sekunde tatu nne, kisha unakatika. Ikishapata moto inatulia kwenye sailensa (injini ikizunguka taratibu bila kukanyaga mafuta), ila ukipandisha mpaka kama 2000 rpm halafu ukaachia mafuta ghafla, mlio unarudi kidogo wakati mizunguko inashuka. Taa ya oili inazima kama kawaida. Oili na filta vina wiki mbili tu. Nguvu iko vilevile.

Fundi mmoja kasema ni beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki), nishushe injini. Mwingine kasema ni tapeti tu, yaani nafasi za vali zimelegea. Nianzie wapi?

Spana_12

Mkuu, usishushe injini bado. Kwa maelezo hayo, mshukiwa wa kwanza ni cheni ya taimingi (inayotoka kranki kuzungusha kamshafti, shafti inayofungua vali) na miongozo yake, yaani reli zinazoishikilia isichezecheze. 22R za mwanzo zilikuwa na cheni ya safu mbili, baadaye wakaweka ya safu moja yenye miongozo ya plastiki. Plastiki inazeeka, inakuwa ngumu, inapasuka. Tenshena, yaani kikaza cheni, inasukumwa na presha ya oili, kwa hiyo injini ikilala oili inashuka na cheni inalegea. Ukiwasha, inapiga huku na huku mpaka presha ipande. Ndizo hizo sekunde tatu nne zako. Ukiachia mafuta nako, mvuto wa cheni unabadilika na ule ulegevu unajionyesha.

Beringi ya konrodi haina tabia hiyo. Yenyewe ni ngo-ngo-ngo nzito inayotoka chini, huzidi ukiipa injini mzigo, na injini ikipata moto inakuwa mbaya zaidi kwa sababu oili imekuwa nyepesi. Ukitaka uhakika, injini ikiwa sailensa chomoa waya wa plagi mmoja mmoja kwa koleo lenye mpira, na uhakikishe waya uliochomolewa umegusa chuma cha injini. Ukikata silinda yenye konrodi mbovu, mlio hupungua wazi. Cheni haijali umekata silinda gani.

Kisha chukua bisibisi ndefu, ncha iweke kwenye kava ya cheni, mpini sikioni, na mtu mwingine awashe injini ikiwa ya baridi. Sogeza ncha kwenye pampu ya maji, altaneta, kava ya tapeti, mwisho ubavuni mwa bloku. Mlio wa cheni utausikia mkali kwenye kava ya mbele kuliko kwingine kote. Angalia nguo na mikono, feni haina huruma.

Kamshafti

Naongezea: kabla ya kuilaumu cheni, filta ni ya aina gani? Filta isiyo na vali ya kuzuia oili isirudi chini inaachia njia zote zikauke usiku, na hata tenshena nzima italia asubuhi. Weka filta yenye vali hiyo usikilize asubuhi mbili tatu. Mlio ukipungua kidogo tu, basi na cheni nayo imechoka.

Tapeti zipime hata hivyo, maana kava ya tapeti utaifungua kwa vyovyote. Injini iwe ya moto: vali za kuingiza 0.20 mm, za kutoa 0.30 mm. Weka pistoni ya silinda ya kwanza juu kabisa kwenye kompresheni (vali zake zote zimefunga), rekebisha za kuingiza za silinda 1 na 2, na za kutoa za 1 na 3. Zungusha kranki mzunguko mmoja kamili, kisha za kuingiza 3 na 4, na za kutoa 2 na 4. Fila geji (kijibamba chembamba cha kupimia nafasi) ipite kwa kukwama kidogo, kama unavuta karatasi chini ya kitabu. Usibane sana ili tu mlio uishe. Vali ya kutoa isiyofunga vizuri inaungua, na hiyo haipigi kelele hata kidogo.

Tapeti ikilegea inalia tik-tik nyepesi, kwa mpangilio, saa zote. Haikatiki baada ya sekunde nne.

Spana_12

Sawa kabisa. Na kava ikiwa wazi, mulika tochi mbele, chini ya gia ya kamshafti. Mwongozo unaovunjika mara nyingi ni ule usiohamishika, upande wa kushoto ukiwa umekaa ndani ya gari. Upande wa kulia ndiko iliko tenshena. Ukiona mwongozo umelala, umekatika au haupo kabisa, jibu umelipata. Ukiona mistari inayong'aa kwenye ukuta wa ndani wa kava, cheni imeanza kula aluminiamu.

Hapo ndipo pa hatari kubwa kuliko kelele. Nyuma ya pampu ya maji kuna njia ya maji ndani ya hiyo kava. Cheni ikitoboa ukuta, maji yanaingia kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili, angalia chini ya kifuniko cha kujazia pia: rangi ya chai ya maziwa maana yake injini isiwashwe tena. Rejeta ikipungua bila kuvuja popote, ishuku hiyo hiyo.

Pikapu86

Nimefungua. Mwongozo wa kushoto haupo, kuna kipande kifupi tu kimebaki kwenye bolti. Ukutani kuna mfereji, ukipitisha ukucha unakwama. Oili haijageuka rangi, ila rejeta imepungua kama nusu lita. Nibadilishe miongozo peke yake?

Kamshafti

Hapana. Badilisha seti nzima: cheni, gia zote mbili, tenshena, miongozo, sili ya kranki na gasketi. Miongozo tafuta yenye mgongo wa chuma. Na kwa mfereji unaokwamisha ukucha huku rejeta inapungua, kava mpya pia. Kuziba kwa gundi ya chuma ni kuahirisha tu, maana pale pana joto, presha na oili kwa pamoja.

Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, lazima ishuke. Ule mwongozo uliopotea uko humo, na vipande vidogo vinaziba chujio la pampu ya oili. Ukikosa oili kwenye beringi, ndipo yule fundi wa kwanza atakuwa sahihi. Pikapu ikiwa inavuta magurudumu yote manne, difu ya mbele itakubana, jiandae.

Spana_12

Wengi wanavunja kava au hedi hapa: mbele ya hedi, chini ya gia ya kamshafti, kuna kidimbwi cha oili, na ndani yake bolti moja inayoshika kava kutoka juu. Nyonya oili uione. Ukiisahau ukaanza kutekenya kava kwa bisibisi, utapasua kitu.

Distribyuta itoke kwanza, ukiweka alama rota ilikoelekea. Kufunga: ki ya kranki (kile kipande cha chuma kinachoishika gia) iangalie juu, pini ya kamshafti iangalie juu, viungo vinavyong'aa vya cheni vikae kwenye alama za gia. Bolti ya kamshafti 78 Nm, ya puli ya kranki 157 Nm. Pampu ya oili inakaa mbele ya kava hiyo hiyo, kwa hiyo ijaze vaselini kabla ya kufunga, la sivyo itazunguka kavu bila kuvuta.

Zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikigoma mahali, usilazimishe, vali imekutana na pistoni. Rudi kwenye alama. Ikizunguka vizuri, chomoa waya wa koili, piga stata sekunde kumi kumi mpaka taa ya oili izime, ndipo uwashe. Ukiwa na geji ya presha, injini ikiwa ya moto inatakiwa isipungue 29 kPa kwenye sailensa, na iwe kati ya 245 na 490 kPa kwenye 3000 rpm. Oili hiyo ya kwanza imwage mapema pamoja na filta, itakuwa na unga wa aluminiamu.