Nimeuziwa beringi bandia kwa bei ya halisi, na mwenye duka ananionyesha mhuri wa "mali ikiuzwa hairudishwi"

Ndugu zangu wa Mombasa, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Ndani ya wiki tatu kerezo langu la kuchongea mbao na pikipiki yangu vimeharibika, na vyote viwili vimeharibiwa na beringi (pete mbili za chuma zenye gololi katikati, zinazokifanya kitu kizunguke kwa ulaini) nilizonunua siku moja, katika duka moja la spea hapa kisiwani, kutoka kwa mtu niliyemuuliza mara mbili kama mali yake ni halisi, naye akaniapia kuwa ni halisi.

Siku za kazi mimi ni karani. Jioni na Jumapili niko nyuma ya nyumba yangu Kisauni, ambako nimejenga kibanda cha mabati chenye kerezo linalozungushwa na mota ya umeme, na hapo nakereza bakuli, miguu ya viti na nguzo za ngazi, mara nyingi kwa mbao za mwarobaini na mwembe. Pikipiki yangu ya cc 150 naihudumia kwa mikono yangu mwenyewe, kuanzia cheni hadi kabureta. Hayo nayafanya kwa kuyapenda, lakini kila baada ya muda hujitokeza kibarua, na pesa za kibarua ndizo zinazolipa karo. Safari hii bi mkubwa mmoja wa Nyali aliniagiza nguzo 24 za ngazi, akanipa na malipo ya awali, nami nikaamua kubadilisha beringi za kerezo kabla ya kuanza kazi, na za gurudumu la nyuma la pikipiki papo hapo, kwa kuwa zote zilikuwa zimetumika miaka sita.

Nilitaka beringi mbili za 6204 na mbili za 6302. Namba hizi si mapambo. Katika 6204, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata kipenyo cha shafti, yaani kile chuma cha mviringo kinachopita katikati ya beringi: milimita 20. Kipenyo cha nje ni 47 na upana ni 14. Ile 6302 inaingia shafti ya milimita 15, nje ni 42, upana 13. Nilisisitiza ziwe zenye mpira wa kuziba pande zote mbili, kwa sababu vumbi la mbao lililosagwa na msasa hupenya popote. Pale kaunta palikuwa na za bei rahisi, shilingi 200 moja, nikazikataa. Nikalipa shilingi 750 kwa kila moja, jumla 3,000, kwa beringi zilizotolewa ndani ya boksi la kampuni inayojulikana, na kila moja imechapishwa jina.

Siku ya tisa nilipokuwa kwenye nguzo ya tisa, patasi ilianza kurukaruka na kuacha alama mithili ya magamba ya samaki kuzunguka mti. Niligusa kichwa cha kerezo, pale beringi zinapokaa, nikakuta ni moto. Nilidhani nimekaza mkanda kupita kiasi, nikaulegeza, nikaiweka kando nguzo ile iliyoharibika na kuliacha kerezo lipumzike huku nikitafuta kosa kwenye mota. Sikuishuku beringi, maana ilikuwa mpya.

Jumapili ya wiki ya tatu nilikuwa natoka Mtwapa alfajiri, mwanangu wa miaka 11 amekaa nyuma yangu. Tulipofika Bamburi nilisikia sauti ya kusaga chini yetu, kisha gurudumu la nyuma likaanza kuyumba kushoto na kulia. Namshukuru Mungu kwamba barabara ilikuwa tupu na sikuwa na mwendo mkali. Nilipolitoa gurudumu pale kando ya barabara, gololi zilidondoka moja moja mkononi mwangu. Kile kizimba kinachozishika kilikuwa kimekatika vipande vitatu.

Jioni ile nilifungua kila kitu na kupima kwa kalipa, kifaa cha kupimia vipenyo. Beringi ya kerezo, ambayo nje inatakiwa iwe na milimita 47, ilisoma 46.8. Tofauti hiyo mtu asiyejua ataiona ndogo, lakini maana yake ni kwamba pete ya nje haikushikwa na tundu lake. Ilikuwa inazunguka ndani yake, inasugua chuma na kutoa joto, hadi tundu lenyewe likalika na kung'aa kama kioo. Nilipobandua mpira wa kuziba nilikuta grisi kidogo imepakwa upande mmoja tu. Nilipofuta kwa kitambaa chenye petroli, jina la kampuni likatoka lote.

Nikarudi dukani na zote nne pamoja na boksi. Mwenye duka hakuzishika hata moja. "Ami, hiyo ni chumvi ya bahari, Mombasa nzima inalia," aliniambia, kisha akanionyesha mhuri kwenye risiti: mali ikiuzwa hairudishwi. Zile za zamani zilikaa miaka sita katika kibanda kilekile na kwa chumvi ileile. Chumvi hula chuma kwa kutu, na beringi hizi hazikuwa na kutu hata chembe. Aidha, chumvi haipunguzi kipenyo wala haichapishi jina la uongo.

Mhuri ule nao hauwezi kufuta Katiba. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa, haki ya kulindwa usalama wake, na haki ya kufidiwa hasara iliyotokana na kasoro ya bidhaa. Ipo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na tangu 2008 kuna sheria mahususi dhidi ya bidhaa ghushi. Mahakama ya madai madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na dai langu ni dogo mno kuliko hapo: beringi nne, habu (kitovu) ya gurudumu, kichwa cha kerezo, na kibarua kilichokwama.

Kwa hiyo, yeyote aliyenunua beringi majuzi hapa mjini, tafadhali ipime kipenyo cha nje kabla ya kuigonga mahali pake, na ifute kwa petroli uone kama maandishi yatabaki. Ukikuta kama nilivyokuta, hifadhi boksi na risiti, kisha niandikie hapa hapa. Mimi beringi zangu nimezifunga kwenye mfuko, kila moja na kipimo chake, na Jumatatu asubuhi nazipeleka kufungua dai. Nguzo 16 za bi mkubwa bado ziko sakafuni, na yeye anataka ngazi yake kabla ya mwisho wa mwezi.