Moana 2: mbona stori kama imeungwaungwa?

Chapati_Moto: Wakuu jana nimeangalia Moana 2, ile katuni ya Disney, na madogo, picha kali sana ile bahari utadhani ya kweli, ila stori sijaielewa. Matangi anatokea na popo wake, anaimba, anamwonyesha Moana njia halafu huyoo, humuoni tena mpaka majina yameshaanza kupita mwishoni. Hivi walikuwa na haraka ya nini?

bin_pwani: Mkuu ile ilianza kama tamthilia ya Disney+ (ile huduma yao ya kuangalia mtandaoni), walitangaza 2020, sasa Februari 2024 wakabadili gia wakasema ni filamu na Novemba mwaka huohuo ikaingia kwenye majumba ya sinema, ndo maana unaona kama episodi zimeshonwa pamoja.

Mama_Watatu: Na nyimbo je? Lin-Manuel Miranda, aliyetunga nyimbo za ile ya kwanza, hakurudi bana, safari hii ni Abigail Barlow na Emily Bear. Sio mbaya ila wangu bado wanaimba za ile ya 2016 tu mpaka kichwa kinauma 😂

bin_pwani: Sema hela imeingia, zaidi ya dola bilioni 1, ya kwanza haikufika hata milioni 700. Wachambuzi wengi wamelalamika, wazazi wakakata tiketi vilevile

Chapati_Moto: Kumbe! Basi Matangi kawekwa akiba ya sehemu ya 3