Mafundi kompyuta mnaouza "i7" kwa jina tu: mmeniharibia studio na kazi za watu

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu nauandika nikiwa na hasira. Nina studio ndogo nyumbani, Tabata. Narekodi kwaya, vijana wa Bongo Fleva wanaoanza, na singeli zikija. Ndiyo kazi inayolipa kodi na ada za watoto, kwa hiyo asije mtu hapa akaniambia "si muziki tu mkuu, tulia".

Kompyuta yangu ni ya mezani, prosesa (ubongo wa kompyuta) i5-6500, RAM ya GB 8, na hadi diski (hard disk) ya kawaida. Imenibeba miaka, lakini projekti za kwaya zilishaanza kuielemea: sauti nne, kila sauti imerekodiwa mara mbili tatu, juu yake kinanda, besi, ngoma na plagini (programu ndogo za kurekebisha sauti) za kutosha. Ukibonyeza pleyi inakwaruza. Nikaamua kuiongezea nguvu badala ya kununua nyingine.

Nikaipeleka duka moja Kariakoo. Sikwenda kumwambia fundi "niwekee kitu kizuri". Nilimwandikia WhatsApp na meseji ninazo: prosesa i7-6700, RAM 16 kwa vijiti viwili vya 8, SSD (diski ya kasi) mpya ya GB 500, Windows iwekwe kwenye SSD, na hadi diski ya zamani ISIGUSWE kwa sababu ina projekti za wateja. Akajibu: "Sawa braza, kazi za muziki nazijua." Nikalipa laki nne na nusu, taslimu, kabla hajashika bisibisi.

Mashine ikarudi. Nikafungua CPU-Z, programu inayoonyesha prosesa iliyomo, na hapo ndipo moyo uliponiruka. Prosesa imeandikwa i7-6700T.

Kuna watakaosema herufi moja tu unapigia kelele. Hiyo herufi ndiyo kila kitu. i7-6700 inakwenda 3.4 GHz na ikikazana inafika 4.0, imetengenezwa kwa wati 65. Hiyo yenye T ni ya wati 35, imekusudiwa vile vikompyuta vidogo vya ofisini visivyotakiwa kupata joto. Inaanzia 2.8 na kikomo chake ni 3.6. Sasa angalieni i5 yangu niliyoitoa: 3.2, kikomo 3.6. Yaani nimelipa hela niendeshe kazi kwa kasi ile ile, na mzigo ukiwa mzito wa muda mrefu, hata chini yake. Ndiyo, ina nyuzi (njia za kufanya kazi kwa wakati mmoja) nane badala ya nne, na kwenye traki nyingi nyepesi zinasaidia. Siyo hicho nilichoagiza.

Na kwa muziki kasi ya kiini kimoja cha prosesa inauma kuliko kazi nyingine nyingi. Ukirekodi kwa 44,100 Hz (sampuli za sauti kwa sekunde) na bafa, yaani fungu la sauti linalofanyiwa hesabu kwa mara moja, ya sampuli 128, prosesa ina chini ya milisekunde 3 kumaliza hesabu zote kabla spika haijadai sauti inayofuata. Ikichelewa hata kidogo, ndiyo ule mkwaruzo. Halafu plagini zilizopangwa kwenye sauti ya mwimbaji zinasubiriana: ikwalaiza imalize, ndipo kompresa ianze, ndipo riveba. Huwezi kuzigawa kwa viini vinne zifanye kwa pamoja. Ukiwa na viini vingi vya polepole, chaneli ya masta inakwama pale pale.

Dawa ya haraka ni kupandisha bafa hadi 1024. Sawa, mkwaruzo unapungua, lakini hiyo ni milisekunde 23 kwa upande mmoja tu, na sauti inachelewa kuingia na kuchelewa tena kutoka. Juzi nilikuwa na dada mmoja anaimba soprano, amevaa hedifoni, anasikia sauti yake inamfuata nyuma. Akawa anavuta, anasubiri, anavuta. Mwishowe akavua hedifoni akaniuliza, "Kaka, leo mimi ndiyo siko sawa?" Yuko sawa kabisa. Mwimbaji mzuri anaanza kujitilia shaka kwa sababu kuna mtu Kariakoo alitaka faida ya elfu hamsini ya ziada.

RAM: kijiti kimoja cha 16 badala ya viwili vya 8. Kwa muziki hilo dogo, nisiseme uongo, siyo lililoua kazi. Ila vijiti viwili ndivyo nilivyoandika na ndivyo nilivyolipia.

SSD "mpya ya boksi". Nikafungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma hali ya diski, saa za kuwashwa zinasoma maelfu. Maelfu, wakuu! Diski imeshafanya kazi kwenye mashine ya mtu mwingine miaka, imefutwa vumbi, imebandikwa stika, nimeuziwa kwa bei ya mpya. Na humo ndimo ninamotakiwa kuhifadhi sauti za watu.

Hayo yote ningeweza kuyameza. Nisiloweza kumeza ni hadi diski. Nilipoifungua ilikuwa tupu. Wameifomati! Ile niliyoandika kwa herufi kubwa isiguswe. Mle kulikuwa na albamu ya kwaya iliyobakiza kumiksi tu. Mafaili yaliyokamilika nilikuwa na nakala kwenye diski ya nje, lakini vipande vya wiki za mwisho, solo za sauti ya tenori na ya besi, vilikuwa mle tu. Mzee mmoja wa besi alikuwa anatoka Chanika na daladala baada ya kazi kuja kurekodi. Nimwambie nini?

Nimejitahidi na Recuva, programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa. Bahati ilikuwa fomati ya haraka, inayofuta orodha ya mafaili tu, na niliichomoa ile diski mara moja nisiandike kitu juu yake, kwa hiyo baadhi ya WAV (mafaili ya sauti) zimerudi. Zimerudi bila majina, nyingine zimekatika katikati. Nakaa usiku nasikiliza moja moja nijue hii ni ya wimbo gani.

Nilirudi dukani. Majibu: "Braza, i7 ni i7, unataka nini tena?" Kuhusu diski: "Tulikusafishia ili mashine iwe nyepesi." Bosi wake akaninyooshea kidole kwenye karatasi ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikapewa karatasi ya kuandikwa kwa mkono.

Sikilizeni nyie mliobandika hizo karatasi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ipo. Mnunuzi akikueleza anataka kitu kwa kazi gani, akategemea ujuzi wako, unawajibika kumpa kinachofaa kwa kazi hiyo. Na ukiuza kitu kwa maelezo, kilingane na maelezo. Nilieleza kazi, na modeli nikaiandika. Karatasi ya ukutani haifuti hilo.

Najua kuna wa "nunua Mac mini" wanakuja. Nawaheshimu, hela hiyo sina. Na wa "kizazi cha 6 (ndicho cha prosesa zangu hizi) hakipokei Windows 11": kweli, orodha rasmi kwa Intel kwa sehemu kubwa inaanzia kizazi cha 8, lakini prosesa ya kizazi cha 8 haikubali kwenye mazabodi (bodi kuu) yangu hata kama soketi inafanana kwa macho. Ningebadilisha mazabodi nayo. Mashine ya studio ambayo haiingii mtandaoni inamudu Windows 10 vizuri tu.

Ninachotaka kwa duka lile: i7-6700 isiyo na T, au hela yangu ya prosesa, SSD mpya kweli, na fidia ya kazi waliyoifuta. Nimewapa hadi Ijumaa. Baada ya hapo meseji, picha za CPU-Z na hiyo karatasi yao ya mkono vinakwenda FCC, Tume ya Ushindani, na suala la risiti linakwenda TRA, mamlaka ya mapato.

Aliyewahi kupeleka lalamiko FCC kwa kitu cha kiasi hiki aniambie walimtaka alete nini. Na prodyuza aliyefanyiwa haya haya, aandike hapa chini alipewa prosesa gani badala ya ipi.